Ramani ya Kijivu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua haijaanza, lakini ofisini tumeshaanza kulowa. Bosi ametuita asubuhi na kutugawia Mpango wa Jiji Endelevu, kurasa mia moja na kumi, jalada la kijani lenye picha ya mti ambao haumo popote mjini humu. Mimi nimepewa Bondeni. Kazi yenyewe, kwa maneno machache: nyumba arobaini na nane zilizo kando ya mto zihamie viwanja vya juu, kingo zirudishiwe miti, na bonde lichimbwe mabwawa ya kupokea maji ya mvua. Nyumba thelathini na mbili zikisaini kabla baraza halijaketi katikati ya Mei, mpango unapita na kila mwenye nyumba anapata kiwanja. Zisiposaini, baraza lina njia yake ya pili: mfereji wa zege, tingatinga, na notisi ya siku kumi na nne.

Nikamwambia Bosi kwamba Bondeni nilishawahi kufanya kazi.

"Ndiyo maana nakupeleka," akasema. "Wale wanakujua."

Mchana sikula. Nimemwambia dada kwamba ni tumbo.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezunguka na Mwenyekiti wa mtaa. Ni fundi baiskeli, mikono yake imeingia grisi hata akikupa mkono unabaki na ushahidi. Anatania kila anayemwona. Kwa wengine mimi ni Afisa. Kufika saa nne alikuwa ameshanibatiza Bi Mpango, na watoto wameshalidaka.

Tulihesabu nyumba pamoja, yeye upande wa mto, mimi upande wa njia. Yeye akapata arobaini na nane. Mimi nikapata arobaini na tisa.

"Umehesabu na choo cha mtu," akasema, akacheka.

Nilijua nilichokihesabu. Kati ya namba kumi na nane na namba ishirini kuna sakafu ya saruji na ngazi mbili, basi. Hapo alikaa Bi Kengele, aliyepiga kengele ya shule ya msingi kwa miaka thelathini. Miaka minne iliyopita mto ulimchukua pamoja na kuta zake. Nilipita nikiangalia mbele, lakini jicho halina pazia. Ngazi zile zilikuwa zimefagiwa.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza. Viatu vimekwisha kazi.

Jumatano, 12 Machi

Milango kumi na minne, saini tatu. Wa kwanza aliniuliza kama miti hiyo inaliwa. Wa pili alikuwa amelala, kwa sauti ya mtu aliye macho kabisa. Mama Pacha wa namba saba alinikalisha kwenye kigoda, akanisikiliza nusu saa bila kunikatiza hata mara moja, kisha akaniuliza: "Sasa Bi Mpango, hilo jiji endelevu litaendelea na sisi, au litaendelea bila sisi?"

Nikamjibu kwa ukurasa wa thelathini na nne. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama vile mgonjwa ni mimi.

Ngazi zimefagiwa tena. Usiku kucha mvua ilinyesha, matope yako hadi vifundoni, kila kizingiti kimejaa takataka, na zile ngazi mbili ziko safi. Sikumwuliza mtu.

Jumanne, 18 Machi

Bosi hajafurahi. Saini sita kwa wiki mbili! Akasema tatizo langu naongea kama kitabu, watu wanataka mfano.

"Si kuna yule bibi wa huko huko? Aliyeambiwa ahame akakataa, akafa? Tumia huyo. Mfano hai."

Nikataka kumwambia kwamba hai ndicho kitu pekee asichokuwa. Bosi anarudia tu yaliyoandikwa kwenye ripoti ya mafuriko: *marehemu alishauriwa kuhama, akakaidi.* Sikuiandika mimi ripoti ile. Niliisaini tu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeusimulia ule mfano.

Sikupanga. Nilikuwa barazani kwa Mwenyekiti, watu kumi na watano wamejibanza wakikwepa mvua, nikaona macho yao yananiponyoka kama kawaida. Nikasema: "Wote mnamkumbuka Bi Kengele." Nikasema aliambiwa, hakusikia. Maneno yalitoka laini, hata sauti haikunitetemeka, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Mzee mmoja akamalizia mwenyewe: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wengine wakaguna kukubali.

Kisha mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma akipinda nguo kwa sindano akainua uso. Simjui. "Ni kweli," akasema. "Mama yangu alikuwa na kichwa cha jiwe. Nipe kalamu nisaini."

Mwenyekiti akaninong'oneza: binti wa pekee wa Bi Kengele. Alikuwa ameolewa mji mwingine; baada ya msiba akarudi, akapanga chumba juu ya mtaa, akaweka cherehani. Wanamwita Fundi. Chumba anachopanga hakihesabiwi, lakini sakafu ile ya namba kumi na tisa bado ni haki yake na imo kwenye daftari. Kwa hiyo nyumba ni arobaini na tisa. Nilihesabu sawa tangu mwanzo.

Saini tisa kwa siku moja. Bosi amenipigia makofi kwenye simu.

Alhamisi, 27 Machi

Fundi amekuwa mkono wangu wa kulia. Kila asubuhi anafunga cherehani yake, ananifuata mlango kwa mlango, naye anaongea kuliko mimi. "Msiwe kama mama yangu," anasema. Nampigia hesabu kichwani: ndani ya siku tano amelisema mara ishirini na mbili.

Leo nimeona karatasi kwenye mlango wa Mwenyekiti. Ni zamu za kuzibua mtaro na kufagia njia, kila nyumba na siku yake. Namba kumi na tisa imo, na ina alama ya vema. Nikamwuliza nani anafanya zamu ya marehemu.

"Yeyote anayeamka wa kwanza."

"Kwa nini msimfute tu?"

Akanishangaa. "Tukimfuta yeye, wa ishirini ataingia siku ya kumi na tisa, wa ishirini na moja siku ya ishirini, tutagombana mpaka Krismasi. Mwache zamu yake." Kisha akapunguza sauti: "Halafu, Bi Mpango, alikuwa jirani."

Kumbe ni hilo tu. Nilidhani nikijua nitapumua. Sasa nikipita naona watu arobaini na wanane wanaomfanyia Bi Kengele kazi kimya kimya, na mmoja ninayemsema vibaya mchana kweupe.

Jumatano, 2 Aprili

Saini ishirini na sita. Tumekaa na Fundi chini ya bati la dukani mvua ikipiga. Akanisimulia bila kuulizwa. Wiki ile ya mafuriko alimpigia mama yake kila siku akimsihi ahame. Kila siku mama ana sababu: leo mguu, kesho kuku, keshokutwa nani atalinda mlango.

"Najua marehemu hasemwi," akasema. "Lakini ninamkasirikia, Afisa. Miaka minne. Nikishona namkasirikia, nikila namkasirikia. Kaburini nilikwenda siku ya kuzika, sijarudi. Mtu akikupenda hafi hivi hivi kwa ukaidi."

Nikamwambia pole. Nilisema pole, nikatazama mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Mto umefika kwenye mawe ya kufulia.

Jumatatu, 14 Aprili

Dada yangu ni mkunga. Hadanganywi mtu aliyezoea kusubiri kitu kitoke. Asubuhi alinitazama nikikoroga chai isiyo na sukari, akasema: "Mwezi mzima unajikamua. Kitoe, au andika." Nimechagua kuandika.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ile ya mafuriko, saa saba mchana. Utabiri ulikuwa umetoka, nasi maafisa tukatumwa na ramani ya hatari: nyekundu wahame, njano wajiandae. Ramani ya mpimaji ardhi ilikuwa na rangi. Sisi tulipewa nakala, na mashine ya ofisi ilikuwa imeishiwa wino wa rangi. Nyekundu ikatoka kijivu. Njano ikatoka kijivu. Moja ilikuwa imekolea kidogo kuliko nyingine, ukiishika kwenye mwanga mzuri. Mwanga mzuri haukuwepo.

Namba kumi na tisa ilikuwa katikati ya kijivu na kijivu.

Bi Kengele alifungua mlango kabla sijabisha. Nyuma yake kulikuwa na mizigo: mabunda mawili ya kanga, ndoo yenye vyombo, godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Alikuwa amejifunga mtandio, viatu miguuni. Alikuwa anaondoka! Akaniambia, "Mwanangu, umekuja wakati mzuri. Nishafunga. Binti yangu kanishinda kwa maneno. Lakini wewe ndiye mwenye karatasi: niende, au nifungue?"

Nikaitazama karatasi. Ningeweza kumpigia mpimaji. Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji. Nilikuwa nimelowa, nilikuwa na njaa, zimebaki nyumba kumi na tano, na niliona haya kuonekana afisa asiyejua kusoma ramani yake mwenyewe. Haya ndiyo iliyomwua yule mama, haya yangu.

Nikamwambia, "Fungua mizigo, mama. Hapa kwako ni salama."

Akacheka kwa raha. "Afadhali. Tangu asubuhi nakaa kwangu kama mgeni." Akanisukumia ndizi mbili za njiani. Nikazila.

Maji yalikuja alfajiri ya Alhamisi. Jumapili nikaiona ramani halisi ukutani kwa mpimaji. Namba kumi na tisa ilikuwa nyekundu kama damu, na wala haikuhitaji mwanga.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemsomea dada. Hakunifariji. Alisema tu, "Na huyo binti unatembea naye kila siku?" Akaenda kazini.

Jumatano, 16 Aprili

Nimemwambia Bosi. Alifunga mlango, akamwita mwanasheria, wakanisikiliza kwa adabu zote. Mwanasheria akasema neno hilo lisitoke nje ya chumba. Bosi hakuwa mkali, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa. "Fikiria," alisema. "Ukiwaambia leo, hawatausikiliza mpango. Hawatahama. Mwaka huu au ujao watakufa wengine. Maji yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu. Tuokoe waliobaki."

Nilitoka nikiwa nimekubaliana naye. Nilikubaliana naye mpaka kituoni.

Alhamisi, 24 Aprili

Vipeperushi vimefika. Mbele kuna mchoro wa bibi amesimama mlangoni, mikono kifuani, mdomo amebenua, maji yamemfika magotini. Chini: USIWE MKAIDI.

Fundi alikichukua, akakitazama muda mrefu. "Mdomo wamemkosea," akasema. "Alikuwa anacheka sana." Kisha akakikunja mara nne, akakitia kwenye sidiria, akaendelea kugawa vingine. Mimi nilisema naenda msalani, nikakaa huko mpaka mtu akabisha.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumevuka. Saini thelathini na tano. Nimehesabu mara tatu.

Jumatano, 30 Aprili

Bosi ameleta keki ofisini. Nimekula, maana ndiyo tabia yangu, kula.

Jumapili, 4 Mei

Jana ulikuwa mkutano wa kufunga, darasani shuleni. Watu wapatao mia, wengine wamesimama nje na miavuli. Bosi alikuwepo, na diwani. Kazi yangu ilikuwa kufungua, kushukuru na kuketi.

Kila mtu alipewa kijitabu cha Mpango. Jalada la kijani linang'aa. Ndani, ukurasa wa kumi na mbili, ramani ya hatari, ili kila mwenye nyumba ajue nani ahame kwanza kabla mvua za Mei hazijaisha, na nani asubiri kiwanja. Sikuwa nimekiona kijitabu chenyewe mpaka hapo. Nikakifungua huku diwani akiongea.

Ramani ilikuwa ya kijivu. Wino wa rangi umeishia kwenye jalada.

Mama Pacha akanyoosha mkono. "Samahani waheshimiwa. Mimi naona kivuli na kivuli. Nyumba yangu iko wapi hapa? Na tutajuaje kama ramani hii ni ya kweli?"

Kabla Bosi hajainuka, Fundi alishasimama. "Dada, ramani ni ya kweli. Hata ile ya mwaka ule ilikuwa ya kweli. Mama yangu ndiye hakutaka kuisikiliza. Msiulize sana, hameni."

Nikajikuta nimesimama. Sikupata ujasiri, nisijisifu. Miguu ndiyo iliyokataa kukaa. Nikasema, "Mama yako hakuwa mkaidi."

Nikawaambia yote. Wino, njaa, simu mfukoni, mizigo iliyofungwa, swali lake, jibu langu. Bosi alinivuta sketi mara moja, kisha akaacha. Nje mvua ilikuwa inanyesha na ndani nilisikia sauti yangu kama ya mtu anayesoma risala. Nilipomaliza nikasema ramani waliyoshika ni ya aina ile ile, wasimsikilize mtu yeyote juu yake, hata mimi, mpaka mpimaji aje na yenye rangi.

Nilitegemea matusi. Nilikuwa nayasubiri, nikiri, kama mtu anayesubiri dawa. Watu walimgeukia Fundi.

"Alikuwa ameshavaa viatu?" akauliza.

"Ndiyo."

"Saa saba mchana."

"Ndiyo."

Akashika kona ya dawati. "Alinipigia jioni ile. Akaniambia, mwanangu, afisa amekuja, ana karatasi, amesema nibaki. Nikamwambia..." Akaliachia dawati. "Nikamwambia, mama, mwongo wewe. Leo umemsingizia afisa, kesho utamsingizia nani? Akalia. Nikamkatia simu. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mama yangu."

Mwenyekiti alivua kofia. Fundi akatoka katikati ya madawati, watu wakimpisha, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda nje kwenye mvua bila mwavuli. Wanawake watatu wakamfuata.

Miaka minne nimedhani nikisema nitautua mzigo. Nimeutua kweli. Nimemtwisha yeye.

Jumatatu, 5 Mei

Saini ishirini na nne zimefutwa. Nimebaki na kumi na moja, halafu nimeambiwa nisibaki nazo. Faili nimkabidhi Bosi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimehamishiwa stoo. Kuna viti mia mbili na dirisha moja. Mwanasheria anaandika barua yangu.

Mwenyekiti amenipigia. Hakunitania hata kidogo, nikajua bado hajanisamehe. Akaniarifu tu, kwa haki: wananchi wamekataa kijitabu, wakamtaka mpimaji mwenyewe. Mpimaji amekwenda na ramani ya rangi na kopo la rangi, wamepita mlango kwa mlango, kila ukuta umepigwa alama yake, nyekundu au njano, mwenye nyumba akishuhudia. Nyumba sita ambazo kwenye kijivu zilionekana za kusubiri ni nyekundu. Ya Mama Pacha imo.

"Wameshahamia shuleni tangu jana," akasema. "Nikaona ujue."

Jumatano, 14 Mei

Maji yalipita Bondeni asubuhi, yakaondoka na jiko la namba saba na ukuta wa namba kumi na mbili. Hakukuwa na mtu ndani. Nimesikia redioni, nimekaa juu ya viti.

Ijumaa, 16 Mei

Baraza limeketi. Saini thelathini na nane; waliofuta wamerudi wenyewe baada ya maji ya Jumatano. Mpango umepita. Bosi amenitumia ujumbe wa neno moja: "Umepita." Sikujua anauzungumzia mpango au mimi. Fundi hakusaini tena, wala hakufuta ile ya kwanza.

Jumapili, 18 Mei

Leo saa nne asubuhi dada alifungua mlango, akaniita kwa sauti ambayo huitumia kazini.

Alikuwa Fundi. Dada akamkaribisha, akamwekea kiti, akatuachia sebule. Fundi alikaa ukingoni. Amekonda. Alikuwa anavuta uzi uliotoka kwenye mkono wa gauni lake, yeye fundi.

"Sijaja kukusamehe," akasema.

"Najua."

"Nilikwenda kaburini Jumanne. Nikasimama pale, sina la kumwambia. Kila nikijaribu kumkumbuka namsikia akilia kwenye simu. Hana sauti nyingine." Akainua uso, kwa mara ya kwanza tangu siku ile akanitazama. "Wewe ulisema alicheka."

"Alicheka."

"Basi niambie. Tangu alipofungua mlango. Usiruke neno, na usiongeze la kunifurahisha."

Nikamwambia. Mtandio, viatu, mizigo, alivyosema binti yangu kanishinda kwa maneno. Alivyocheka. Kukaa kwake kama mgeni. Ndizi. Na niliyomjibu pia nilisema, kwa sababu aliniambia nisiruke. Alisikiliza akitazama sakafu, midomo yake ikitembea nyuma ya maneno yangu, kama mtoto anayekaririshwa.

Nilifika mwisho. Nikadhani atainuka aende.

"Tena," akasema.

Nikaanza upya, tangu alipofungua mlango kabla sijabisha.